Mtoto Alipiga Chafya kwa Jina Lako

Mpendwa kaka Kiprono,

Niambie kwanza kama uko hai, salamu zitafuata. Najua si adabu kumwanza mtu hivyo, na Mama akiona mstari huu atanikemea, lakini mwili wangu haujatulia tangu ile asubuhi nitakayokusimulia na sina nguvu za kuzungukazunguka.

Nimejifungua mtoto wa kiume. Hukuwepo wakati wa kelele, kwa hivyo nikufupishie: sijaolewa, baba wa mtoto alihamishwa kazi akaondoka bila kuaga, na mtoto ni wa boma letu la Merigi. Mama alininunia mpaka mimba ikaonekana na majirani wote, kisha siku moja nikamkuta anafuma sweta ndogo ya manjano. Hatukuzungumza tena habari hiyo. Na kwa kuwa mtoto ni wetu, nyanya yetu Kogo akasema ataitiwa jina na watu wetu, kikwetu, kabla ya mchungaji kumwekea maji ya ubatizo.

Unakumbuka kurenet inavyokuwa. Tulichungulia dirishani pamoja tukiwa wadogo, wewe ukinikanyaga vidole. Akina nyanya huketi na mtoto, wanataja majina ya watu wa ukoo waliokwisha kufa, mmoja baada ya mwingine, wakingoja mtoto apige chafya. Chafya ndiyo jibu. Aliyetajwa wakati huo ndiye aliyerudi, na mtoto anachukua jina lake.

Sote tulitarajia Baba. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kulia kidogo. Kogo alimtaja Baba kwa sauti ya kubembeleza, akarudia, mtoto akamtazama tu kama mtu anayesubiri chenji dukani. Akamtaja babu, akawataja ndugu za babu, akamtaja na yule mjomba mlevi ambaye Mama hataki atajwe nyumbani. Kimya. Kogo akampitishia ugoro kidogo karibu na pua. Kimya. Tukaanza kuchekacheka. Nikasema labda mtoto huyu hana jamaa.

Kogo hakucheka. Alitazama mlangoni, akarudisha macho kwa mtoto, akasema, “Kiprono.”

Mtoto akapiga chafya.

Kaka, hakuna mtu anayemwita aliye hai. Hakuna. Nimezaliwa kijiji hiki, nimehudhuria majina mangapi, na sijawahi kusikia kitu kama hicho. Kikombe kilimtoka Mama mkononi. Mimi nikabaki nimemtolea Kogo macho kama mjinga. Hata mwanamke wa jirani aliyekuwa anasonga ugali jikoni alitokea na mwiko wake, akauliza ni nani ameanguka.

“Kogo, umefanya nini?” nilimwuliza.

“Sijafanya kitu. Nimeuliza, na ameitika.”

“Hiyo ni ugoro,” Mama akasema. “Ugoro tu! Hata mimi ukiniwekea ugoro nitapiga chafya.”

“Ugoro niliweka zamani, wakati wa hao wengine. Mbona hakupiga?”

Mama akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya zizi, ameshika nguzo, analia kwa namna ambayo hakulia hata siku tulipomzika Baba. Huyo ndiye mama anayewaambia wenzake kila Jumapili kwamba mambo ya zamani yametuacha.

Tangu siku hiyo hatujawa sawa. Barua yako ya mwisho ilisema umepata kazi Nairobi na huenda wakakuvusha Kampala, na baada ya hapo sanduku la posta likawa la buibui. Nyumbani tulikuwa tunasema, “Kiprono ni mvivu wa kuandika.” Tulisema hivyo hata miaka ilipoanza kupita, na ilitutosha. Sasa Kogo anamwita mtoto kwa jina lako mchana kweupe. Anamwuliza, “Umerudi? Ulichoka?” Mama naye, bila kuniangalia, amesema ile chai uliyoipanda mwenyewe kando ya mto itakuwa ya mtoto. Anataka mchungaji afanye ibada ya kukukumbuka. Mimi nimekataa kwa kelele mpaka nikaona aibu. Sitaki mwanangu arithi vichaka vya mtu anayepumua.

Nilirudi kazini mapema kuliko ilivyofaa, nikiwa na mtoto mgongoni, kwa sababu nyumbani sikuweza kukaa. Duka la kuchapa bado liko pale pale Bomet, na kompyuta ni ile ile uliyoniunganishia. Na kila nikiiwasha ni wewe ninayekuona, ndiyo shida yake.

Unakumbuka ulivyokuwa ukizunguka kwenye ofisi za mashamba ya chai ukitengeneza mashine za watu, disketi moja mfukoni mwa shati? Ulilalamika kwamba kila karani amepanga Windows yake kivyake, na kutafuta kikokotoo kwenye kompyuta ya mtu ni kama kutafuta chumvi kwenye jiko la mgeni. Ndiyo ukatengeneza menyu yako, ikakaa kwenye disketi pamoja na programu zako ndogondogo. Popote ulipofika unaitumbukiza, unabonyeza mara mbili, na kidirisha cha kijani kinatokea na vitu vyako vyote katika mpango wako. Andika. Hesabu. Daktari, wa kutafuta virusi. Na ule mchezo wa karata ulioupa jina Kupoteza Muda. Ukimaliza unachomoa, na mwenye mashine hajui hata kama ulipita.

Siku uliponifundisha kuibadilisha iwe yangu, mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tukawa tunapigiana kelele. Ulinifungulia lile faili la maandishi lililo nyuma ya menyu, nikashangaa kwamba ni mistari tu ambayo hata mimi ningeweza kuisoma: jina la kitu, picha yake, na mahali kilipo. Ukibadilisha neno, menyu inabadilika. Ukipandisha mstari juu, kitu kinapanda. Nikajiona fundi. Nikaandika mstari wangu wa kwanza wa fomu za shule, nikaanza na herufi C, yaani diski ya ndani ya mashine yangu, kwa sababu ndiko nilikoziweka.

“Toa hiyo C,” ukasema.

“Si ndiko ziko?”

“Hapa kwako, ndiyo. Ukienda kwa mashine ya mtu itaenda kutafuta vitu zako kwa kabati ya wenyewe. Usiiambie kitu iko wapi. Iambie iko hapa hapa, penye wewe uko.”

Nilizitoa C zote. Kisha tukachora picha, miraba midogo mmoja mmoja, wewe umeshika kipanya na mimi nikikusumbua begani. Ulichora ng'ombe wetu mwenye baka jeupe usoni, na ulipofika mguu wa nne miraba ikawa imekwisha. Nikakwambia futa uanze upya. Ukasema ng'ombe wa miguu mitatu hawezi kuingia shamba la jirani. Kogo alipokuja mjini kutibiwa macho nilimwonyesha, akauliza ng'ombe huwa anakwenda wapi disketi ikichomolewa. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Menyu ile niliwapa wateja. Ulisema mwenyewe niwape. Mwalimu akija na disketi yake ninamnakilia, ninambadilishia majina, ninamwekea Mitihani mahali pa Daktari, anakwenda zake amefurahi. Hao nao wamewapa wenzao. Sijui sasa imefika wapi.

Basi majuzi akaingia mwalimu mmoja kutoka Chepseon, huku Bomet alikuja kumwona mgonjwa. Sijawahi kumwona maishani. Akanipa disketi.

“Madam, nisaidie kutoa hii mtihani, karatasi yangu ninayo.”

Nikaitumbukiza, na kidirisha cha kijani kikatokea. Sikushtuka bado, nilikuwa karibu kucheka. Kisha nikaona, chini kabisa, picha nisiyoijua. Mbuzi. Mbuzi wa miguu mitatu, na chini yake neno Nyumbani.

Kaka, nikainamia kioo. Nilisahau kwamba kuna mtu mbele yangu.

“Hii ulitoa wapi?”

“Hiyo menyu? Shemeji yangu wa Nakuru alinipatia. Yeye pia alipewa na mtu.”

“Mtu gani?”

“Sasa, madam, disketi si ng'ombe. Nani anaulizanga ilitoka boma gani?”

“Na huyu mbuzi?”

“Nilimpata hapo. Lakini yeye hafunguki.”

Kweli, hakufunguka. Nilibonyeza, mashine ikasema haipati faili. Nikabonyeza tena, nikabonyeza tena, mpaka mwalimu akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Nikaingia kwenye ile mistari ya nyuma. Mstari wa mbuzi ulikuwepo, umeandikwa safi, bila herufi ya diski, jinsi unavyotaka. Kilichotakiwa kufunguka ndicho hakikuwepo. Kuna mtu njiani alinakili menyu akakiacha, labda nafasi ilimwishia, labda hakuona maana yake. Inaweza kuwa chochote. Nilimtolea mwalimu mtihani wake, akahesabu karatasi, akaniambia nipumzike, mtoto bado ni mchanga.

Mbuzi yule hakuwa kwenye disketi yako ulipoondoka. Hilo nina uhakika nalo, kwa maana yangu niliinakili asubuhi ile ile ya safari yako. Wewe ndiwe Kiprono, uliyezaliwa jioni mbuzi wakirudi zizini. Nani mwingine angemchora mbuzi, amnyime mguu? Lakini nimekaa nikafikiri, na akili yangu inaniambia nisijidanganye. Nimewafundisha watu wangapi kuchora? Wangapi wamemwona ng'ombe wetu wakamwiga? Na hata kama ni wewe, ulimchora lini? Mbuzi hana tarehe. Nilimweleza Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafumba macho, akasema, “Usinipe moyo kama huna uhakika.” Sijui kama nilifanya vizuri kumwambia.

Kwa hivyo nimefanya kitu ambacho ninakiweza. Barua hii nimeiandika kwenye mashine, na nimeiwekea mstari wa kwanza kabisa, juu ya Andika. Haina picha. Nimeiita Kiprono Soma. Kila disketi inayopita mikononi mwangu, mwenyewe akikubali, inaondoka nayo, na kila mara ninaiongezea yaliyotokea. Wawili wamelalamika kwamba mambo ya nyumba hayawekwi wazi hivyo. Mmoja alisimama akaisoma yote hapo hapo kaunta, akaomba ya pili ya kumpelekea binamu yake Kampala. Ukiifungua uko Kitale, au Kampala, au kwenye ofisi ya mzungu fulani, ujue imepita kwa watu wasiokujua, na kila mmoja alikataa kuifuta.

Ukiisoma, usihangaike na majibu marefu. Njoo. Kama nauli huna, mwambie mtu yeyote anayekuja upande huu apite dukani aseme tu, “Nimemwona.” Nitafunga duka nikimbie Merigi na mtoto. Nitamwambia Kogo amekosea, na nadhani atafurahi kuliko sisi sote. Kisha mtoto atatafutiwa jina lingine, na wewe utakuwa mjomba wake, utamfundisha kuchora.

Lakini lazima niseme na lile lingine, kwa sababu ninaliogopa na wewe ndiwe niliyezoea kukwambia ninayoyaogopa. Kama Kogo yuko sahihi, basi barua hii haina mahali pa kwenda. Aliyeandikiwa amelala mgongoni kwangu, pumzi yake inanilowesha shingo. Nimeisoma kwa sauti tangu mwanzo, polepole, nikanyamaza kidogo kila nilipotaja jina lako. Mtoto hakupiga chafya. Ameendelea kulala.

Nimeshukuru Mungu kwa usingizi huo, kaka. Sasa ninaitia kwenye disketi ya mtu wa Chepilat anayengoja mlangoni, na ninaomba safari yake iwe ndefu.

Ni mimi dada yako,
mama wa mtoto asiye na jina.