Mzaha Juu ya Tovuti Yako

Mpwa wangu mpenzi,

Mzaha ule juu ya tovuti yako ya ushonaji haukuwa wangu. Nilijitenga chumbani, nikaiomba akili mnemba ya kwenye simu iikosoe kwa kuchekesha, ikanijibu kwa sauti, nami nikarudi kuyakariri mbele yenu: "Vitufe vingi kama vifungo vya koti la jemadari! Mteja atachoka kabla hajaliona gauni." Sebule nzima ikaangua kicheko. Mama yako akasema, "Mjomba wako huyo, uhariri haujamtoka!" Ukacheka nawe. Kesho yake ukaifuta tovuti, ukarudi kushonea watu kiwandani.

Mimi sijambo kidogo. Kikohozi kimepungua, ila daktari ameacha kunitajia mwezi ujao.

Uliponipa simu na kusema, "Mjomba, tazama, niambie ukweli," nilipaswa kukujibu palepale. Lakini mimi, mhariri mzima, ningeanzaje? Nikaona heri unione mkali kuliko unihurumie. Irudishe, mwanangu. Huenda ni nzuri sana. Mimi siwezi kujua. Hata barua hii ananiandikia muuguzi. Siku ile niliikodolea simu yako na sikuona kitu, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamekwisha kufa.

Mjomba wako