Laptopu Iliyofungwa kwa Majani ya Mgomba

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: kupotea kwa kompyuta ya mwanafunzi Kawira, na kuzuiliwa kwa Bw. Mithika
Yamechukuliwa: kituoni, eneo la Laare, Kaunti ya Meru
Jina la shahidi: Njeru Runji
Umri: miaka 79
Kazi: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi
Makazi: Karurumo, Kaunti ya Embu, tangu mwaka 1992. Kabla ya hapo, Molo.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni leo, Jumatano tarehe 15 Oktoba 2025, bila kuitwa na mtu, kueleza kwamba Mithika, aliyelala seli jana, hakuiba kompyuta ya mjukuu wangu. Aliyeipoteza ni mimi.

Kawira ni mtoto wa binti yangu Igoki, aliyeolewa hapa Laare. Anasomea shahada ya uzamili ya sayansi ya data. Afisa ameniuliza hiyo ni elimu gani. Ninavyoielewa, Kawira anaifundisha kompyuta kuitambua miraa kwa kuiona: hii ni laini, hii imekomaa mno, hii haifai kufika sokoni. Kompyuta hujifunza kwa kuonyeshwa picha nyingi, kila picha na jibu lake, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la kwanza herufi. Picha hizo amezipiga kwa miaka miwili katika kibanda cha Bi. Gladys, mahali miraa inapochaguliwa na kufungwa. Majibu alipewa na wachaguzi wenyewe, Mithika akiwa mmoja wao.

Nilikuja Laare mwanzoni mwa mwezi huu ili nimsomee tasnifu yake kabla hajaiwasilisha. Hesabu zake sizifahamu. Mimi nasoma sentensi. Jioni yeye husoma kwa sauti, nami humwambia mahali nilipopotea, naye huandika upya. Aliwahi kuniambia kwamba mahali ninapopotea mimi, hata maprofesa wake wamepotea, ila wao wanaona haya kusema.

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi hivi, mimi na Kawira tulifika kibandani. Kulikuwa na manyunyu, na paa la kibanda linavuja upande wa barabara. Kawira alipiga picha za mwisho akazihamishia kwenye laptopu. Diski aliyowekea nakala ilikuwa imeharibika wiki iliyotangulia, na mtandao wa hapa haukuweza kupandisha picha nyingi kiasi hicho. Kwa hiyo kazi yake yote ilikuwa mahali pamoja. Alikusudia kwenda Meru mjini mchana huo kutafuta diski nyingine.

Mithika alikuwa akifunga mabunda. Alimtania Kawira, kama ilivyo kawaida yake. Alisema, "Hiyo mashine yako ikihitimu, mimi nitabaki nikichagua nini? Mawe?" Kawira alimjibu kwamba mashine haina vidole, kwa hiyo haitafika mbali bila yeye. Watu walicheka. Naeleza haya kwa sababu maneno hayo ya Mithika ndiyo yaliyoletwa hapa kama ushahidi dhidi yake. Nilikuwepo. Ulikuwa mzaha, na aliyeutoa alikuwa akisogea ili Kawira apate mahali pakavu pa kukaa.

Msimamizi wa tasnifu ya Kawira alipiga simu ikawa inakatika. Mtandao ni mzuri zaidi kwenye kilima kilicho nyuma ya kanisa, kwa hiyo Kawira aliniachia laptopu. Aliniita babu kwa lugha ya kwetu, akasema, "Guka, nishikie. Isilowe."

Nilitaka isilowe. Nilimwomba Gladys majani ya mgomba. Pale kila kitu kinachotakiwa kufika kikiwa kizima hufungwa kwa majani hayo, nami nilikuwa nimejifunza kufunga kwa kuwatazama. Niliiweka laptopu katikati, nikaizungushia vijiti vya miraa vilivyotupwa ili isigongwe, nikaviringisha majani, nikakaza kwa kamba ya mgomba. Gladys aliniangalia akasema, "Mwalimu, wewe sasa ni wa kuajiriwa." Nilifurahi. Nililiweka bunda langu kwenye benchi, kando ya mabunda mengine.

Mwaka 1992 tulipofukuzwa Molo katika ghasia za kikabila, niliacha sanduku la vitabu nje kwenye mvua, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imebeba watoto. Igoki alikuwa kidato cha pili. Hakurudi shuleni tena. Afisa ameniomba nishikamane na jambo lililonileta. Nimeshikamana nalo.

Kabla ya saa nne, gari la Bw. Gitobu lilipiga honi. Gari la miraa halisubiri mtu, kwa maana miraa ikinyauka haina mnunuzi. Wote walisimama. Mimi pia nilisimama nikaenda kuegemea ukuta, nisiwazibie njia. Mithika alikusanya mabunda yote yaliyokuwa kwenye benchi akayatia guniani, gunia likashonwa, gari likaondoka kuelekea Nairobi. Gladys, ambaye peke yake ndiye aliyeniona nikifunga, alipanda gari hilo hilo hadi Maua, alikokuwa na matanga. Mimi sikulitazama benchi. Nilikuwa nikitazama jinsi watu wale wanavyofanya kazi pamoja bila kuambiana neno.

Kawira aliporudi aliniuliza laptopu iko wapi. Benchi lilikuwa tupu. Nilisema ilikuwa hapa. Sikuwaza juu ya gunia. Niliwaza mwizi, kama kila mtu mwingine. Niliulizwa nilikoiweka nikasema kwenye benchi. Hakuna aliyeuliza kama niliifunga kwa kitu chochote, wala mimi sikufikiri kusema.

Kawira hakunigombeza. Aliketi kando yangu, akaushika mkono wangu, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Igoki alifika baadaye kidogo. Alielezwa ni nani aliyekuwa karibu na benchi, na ni nani aliyesema kwamba mashine itamwachia mawe. Alikuja hapa akamshtaki Mithika. Naomba asidhaniwe vibaya kwa hilo. Yeye ni mtu ambaye masomo yake yalikatika kwa siku moja.

Leo asubuhi nilienda tena kibandani. Gladys alikuwa amerudi na kazi imeanza. Mabunda yalikuwa yamepangwa kwenye benchi lile lile, na nilipoyatazama nikaona siwezi kutofautisha moja na jingine. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimweleza Gladys. Alikaa juu ya magunia akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akakumbuka Mithika amelala wapi, akainuka upesi. Alimpigia Gitobu simu. Gitobu alisema gunia alilishusha Eastleigh, Nairobi, kwa mteja, na kwamba atarudi huko kuulizia. Mpaka ninapoeleza haya hatujapata jibu.

Nilimwambia Kawira kabla ya kuja hapa, kwa sababu ilifaa asikie kutoka kwangu. Nilimwambia kwamba huenda kazi yake ya miaka miwili imeuzwa pamoja na miraa, na kwamba ni kwa mikono yangu. Yeye akasema, "Guka, twende tumtoe Mithika kwanza." Yuko hapo nje pamoja na mama yake.

Naomba Mithika aachiliwe. Ikiwa lazima pawe na mtu wa kuzuiliwa, umri wangu usimzuie afisa kufanya kazi yake.

Niliyoyasema hapa ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimeyasoma mwenyewe na sina la kupunguza.

(Sahihi) Njeru Runji
15/10/2025

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyachukua mimi, Konstebo Celina Kathambi, kwa Kiswahili. Shahidi ameyasoma, amesahihisha koma mbili, na ametia sahihi mbele yangu. Mlalamishi, Bi. Igoki, amesomewa na ameondoa malalamiko yake.

Saa nane mchana dereva Gitobu alipiga simu. Bunda limepatikana. Mteja alilishika akaona ni gumu, akaliweka kando akidhani miraa yake imekomaa. Halijafunguliwa. Litarudi leo kwa gari la magunia matupu.

Bw. Mithika ameachiliwa. Alipotoka seli alimpa shahidi mkono, akamwambia, "Guka, gari likifika, wewe usishike kitu. Kaa tu."

Shahidi ameketi.