Namba Saba Yuko Benchi

Mdogo wangu,

Sisi tupo, miguu yangu tu ndiyo imevimba kwa cherehani. Jana majirani walikuja kutazama mechi ya kikapu kibandani kwangu. Timu ya chuo chako cha zamani iliwabana wageni mpaka wakaambulia pointi thelathini na nane mechi nzima. Kinyozi bado anapiga kelele, "Ule ulikuwa ukuta!" Fundi viatu anamjibu, "Ukuta gani? Wageni hawajui kulenga!" Nimewaacha wabishane, sina nguvu.

Baba alikaa na njiti zake za kiberiti. Si unajua, kila timu ikizuia shambulizi, yeye huweka njiti moja mezani. Jana hakuweka hata moja. Mwishoni akaniuliza, "Mbona kijana wangu, namba saba, hawamwingizi?"

Miaka kumi na miwili tangu uivue ile jezi. Nikamwambia uko benchi, unapumzika.

Leo kaamka na swali lilelile, hata chai hajanywa. Nimechoka kumdanganya. Benchi umelikalia vya kutosha. Jezi yako nimeishona kwapani. Njoo uivae akuone.

Ni mimi,
dada yako