Kitako Ulichonichongea Baba

Mpendwa baba,

Leo mchana nimelala mpaka mate yakanitoka, na wa kulaumiwa ni wewe. Tangu tukuzike sikuwahi kulala hivyo. Kilichoninyima usingizi ni lile sanduku la chuma kabatini mwako, na bastola iliyokuwa ndani yake.

Unakumbuka ulivyoipata. Jirani yetu wa hapa Marekani, yule mzee mwindaji, macho yalipomwishia nguvu alikuuzia kwa hati zote za kisheria. Bastola kubwa ya kuwindia kulungu, na mikono yako iliyopiga randa Tanga maisha mazima ilikuwa imeanza kutetemeka. Ukasema, "Hii inataka kitako, niiegemeze begani kama bunduki." Ukaingia gereji na kipande cha mti wa jozi, ukachonga wiki mbili ukipiga mluzi. Kama kawaida yako uliandika kwenye kila kipande, kwa penseli, mahali kitakapokaa, hata kikiwa kimoja.

Jumamosi nikakupeleka duka la silaha kutafuta skrubu. Muuzaji alipokiona kitako akainua mkono. "Sir, please, don't put that on." Nikakutafsiria: ukikipachika tu bila kibali, mbele ya sheria bastola imegeuka bunduki fupi, na hiyo ni jela.

Ukashangaa. "Kwa kipande cha mti?"

Kwenye gari nikakupandishia sauti, mimi mwanao. Nilikuwa nimeshaomba uraia, nasubiri kuitwa kwenye mahojiano. "Baba, yaani wani-deny uraia kwa ajili ya kulungu! Silaha ya hivyo ndani ya nyumba yangu!" Tulipokuwa tukipita mahakama ya Upper Marlboro ukasema, "Nimesikia, mama." Basi.

Sikukuamini, na hapa ndipo ninapokuomba radhi. Nilikujua mbishi. Tena ni wewe uliyetufundisha kwamba kazi ikishapigwa penseli lazima iishe. Tangu siku ile kila nyundo iliyogonga gereji ilinigonga moyoni. Ulipofariki, ufunguo wa sanduku ukakaa kwenye mkoba wangu, nikienda nao kazini kuwaogesha wazee wa watu na kurudi nao. Niliogopa nitakachokiona. Niliogopa zaidi kwamba nitakukasirikia na wewe hupo wa kunijibu.

Barua ya mahojiano ilipofika sikuwa na pa kukimbilia. Jana nikamwita jirani, tukafungua pamoja. Bastola ilikuwa vilevile alivyokuuzia. Mpini wake wa zamani, hakuna tundu, hakuna alama ya skrubu. Mzee akaigeuza mara mbili, akatabasamu. "He listened to you, honey." Kumbe ulinisikiliza. Nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha, baba, kilio cha kupiga mapaja, hadi mzee wa watu akaenda kuniletea maji.

Bastola ameichukua ampelekee muuzaji, waandikishane kama sheria inavyotaka. Lakini kitako sikukiona. Nilipekua gereji nzima, mpaka ndani ya makopo ya rangi, na raha yangu ikaingia doa. Nikasema huenda ulikichoma moto kwa uchungu wa maneno yangu ya kwenye gari.

Nikaona nipike tu. Nikavuta ile mbuzi ya kukunia nazi uliyoniletea siku chache baada ya ugomvi wetu. Unajua nilivyoipokea. Nilikuambia, "Baba, nazi za kopo zimejaa madukani," ukacheka, ukaniwekea karibu na jiko. Miezi yote hii nimeikalia kama kigoda tu. Jana, kwa mara ya kwanza, niliipindua niifute vumbi, na chini ya shingo yake, pale ulipokaza meno ya kukunia, nikaona mwandiko wako. BEGA. Umelikata kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni umeandika JIKONI.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kumbe kile kitako ulikigeuza mbuzi; kazi uliimaliza, na neno langu ulilishika, vyote viwili, na hukuona haja ya kunitangazia.

Alhamisi naenda kwenye mahojiano, na moyo wangu ni mweupe. Leo tunakula wali wa nazi ya kukuna, na sitaki kusikia tena habari za kopo. Lala salama, fundi wangu.

Ni mimi binti yako, niliyekupigia kelele kwenye gari.