Viputo Nyumbani kwa Bosi

Dada yangu mpendwa,

Shati ulilonitumia limenikaa vizuri. Nililivaa Jumamosi nyumbani kwa bosi, aliponiita nikawatengenezee watoto viputo vikubwa vya sabuni kwenye sherehe ya mwanawe. Alikuwa bado hajasaini barua ya ajira yangu ya kudumu. Ningekataaje?

Vijiti viwili na kamba, kiputo kinamfunika mtoto mzima! Sabuni ya vyombo ilipoisha, bosi akaniletea ya kusugulia sakafu.

"Hii inachoma macho, mzee."

"Karani, umekuja kunifundisha?"

Nikaichanganya na maji ndooni. Kiputo kikampasukia mwanawe usoni, akapiga kelele. Wageni wakageuka.

"Nani kaweka sabuni hii?" bosi akafoka.

Nikasema, "Ni mimi, mzee. Nisamehe."

"Basi piga magoti. Watoto, njooni mumwoshe!"

Walichota ndooni kwa viganja, wakanimwagia machoni. Wakubwa walicheka hadi wakashika mbavu. "Usifumbe, karani!"

Dada, sikufumba.

Leo amesaini. Barua yenyewe nimeisoma kwa jicho la kulia, la kushoto halioni kitu. Mama mwambie nimepata kazi, basi.

Ni mimi mdogo wako.