Somo la Sehemu na Jibu la "Ndiyo, Mwalimu"

KAMATI YA TAALUMA, SHULE YA MSINGI NAMPULUKUTA, WILAYA YA NACHINGWEA

Kikao cha Ijumaa, tarehe 14 Mei 2004, saa 8:30 mchana, katika chumba cha darasa la tano, kwa kuwa ofisi ilikuwa imejaa mahindi.

WALIOHUDHURIA
1. Mwl. Felisian Hokororo – Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti
2. Mwl. Edina Mrope – Katibu
3. Mwl. Saturnini Millanzi – Hisabati, darasa la tano
4. Mwl. Doreen Chilumba – darasa la tatu
5. Bi. Zuena Nampoto – mwakilishi wa wazazi

ASIYEHUDHURIA
Mwl. Nicholaus Chitanda. Alituma taarifa kwamba anaumwa. Bi. Zuena alisema alimpita sokoni Mtua akichagua viatu.

KUMB. NA. 1/2004: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuomba watu waseme kwa ufupi. Yeye alisema kwa nusu saa.

KUMB. NA. 2/2004: TAARIFA YA WALIMU KUTEMBELEANA DARASANI
Mwenyekiti alikumbusha kwamba baada ya semina ya mbinu shirikishi ilikubaliwa kila mwalimu aangaliwe na mwenzake akifundisha, ili wasaidiane. Aliyekuwa ameangaliwa hadi siku ya kikao ni Mwl. Saturnini peke yake. Wengine wote walikuwa na udhuru, Mwenyekiti akiwa wa kwanza.

Mwl. Doreen alieleza kwamba alikaa nyuma ya darasa la tano wakati wa somo la sehemu. Mwl. Saturnini alifundisha kipindi kizima akiwa ameelekea ubaoni. Kila alipomaliza mfano aliuliza, "Mmeelewa?" na darasa likajibu, "Ndiyo, mwalimu." Baada ya kipindi Mwl. Doreen aliwauliza watoto kadhaa, akaona hawajashika kitu.

Mwl. Saturnini alisema amefundisha tangu Mwl. Doreen hajazaliwa. Alisema semina hiyo ilifundisha watu kubandika makaratasi ukutani na kunywa soda, na kwamba darasa la Mwl. Doreen, lenye visoda, yaani vifuniko vya chupa, vya kuhesabia, linasikika mpaka barabarani kama mnada wa mbuzi. Katibu alimwuliza kama maneno hayo yaandikwe. Alijibu yaandikwe kwa herufi kubwa. Yameandikwa kwa herufi za kawaida.

Bi. Zuena alisema mwanawe Mbaruku yumo darasa hilo. Alimwuliza nyumbani walisoma nini, mtoto akasema walielewa. Alipomwuliza walielewa nini, mtoto akasema hakumbuki, ila wote walielewa.

Mwl. Saturnini alisema mzazi ambaye kwake Kiswahili kinaingia siku ya wageni tu asimfundishe kazi. Bi. Zuena alijibu kwamba hata kwa Kimakua mtoto hakuwa na la kusema. Mwenyekiti aliomba heshima.

KUMB. NA. 3/2004: WANAFUNZI KUITWA
Mwl. Saturnini alitaka waitwe wanafunzi wake ili uongo ujulikane. Waliitwa Lusia na Tomasi, waliokuwa wakifagia uwanja. Aliwauliza kama wameelewa sehemu. Walijibu, "Ndiyo, mwalimu." Aliwageukia wajumbe na kukunja mikono.

Mwl. Doreen aliomba ruhusa, akawauliza ipi ni kubwa, theluthi au robo. Wote wawili walisema robo, kwa kuwa nne inaizidi tatu.

Mwl. Saturnini alisema watoto wamefundishwa kumdhalilisha. Ndipo alipomsogelea Lusia na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini ulisema umeelewa?"

Lusia alitazama chini. Alisema, "Mtu akisema hajaelewa, anasimama na mikono juu mpaka kipindi kiishe."

Mwl. Saturnini alikaa kwenye dawati la wanafunzi, ambalo halimtoshi. Mwenyekiti alipendekeza kuingia katika Mengineyo. Hakuna aliyemuunga mkono.

Mwl. Saturnini alisema, "Haya, huyu mtaalamu wa soda aniambie basi. Niulizeje?"

Mwl. Doreen alisema naye hajui vizuri. Alikiri kwamba wiki hiyo watoto wake walipigania visoda mpaka mmoja akavimba jicho, na hesabu haikufanyika. Mwl. Saturnini alisema hilo angalau ni kweli.

ILIAZIMIWA: Jumatatu wote wawili wafundishe somo hilo pamoja. Kusimamisha mtoto kwa kusema hajaelewa kumekomeshwa. Mwl. Saturnini alikubali kwa sharti kwamba asiitwe "mshiriki".

KUMB. NA. 4/2004: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alitaka kufunga kikao kwa nasaha, lakini Mwl. Saturnini alikuwa ameshaomba muhogo kwenye kikapu cha Bi. Zuena. Aliukata vipande vitatu sawasawa, akachukua mwingine wa urefu uleule na kuukata vinne. Alimwuliza Lusia angekuwa na njaa angechukua kipande cha muhogo upi, na kwa nini.

Lusia aliangalia vipande vya mihogo yote miwili. Alisema hajaelewa.

Mwl. Saturnini alisema, "Vizuri," akaomba muhogo mwingine.

Kikao kilikwisha saa 11:10 jioni, bila nasaha.

.................................
F. Hokororo, Mwenyekiti

.................................
E. Mrope, Katibu