Mayai ya Mama

Jumatano, Julai. Baridi kavu. Vumbi la mtaa wetu wa Kampemba limejaa dirishani na sina nguvu ya kulipangusa.

Leo daktari ametuambia turudi na Mama nyumbani. Kansa ya titi imefika hadi kwenye ini. Hakuna tena shimio, zile dripu za kuua kansa, ni dawa za maumivu tu. Aliongea kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza.

Mwaka jana, alipoanza matibabu, Mama aliniuliza ninashinda nikifanya nini kule maabara ya chuo kikuu. Nikamweleza kwamba tunajaribu kuficha dawa ya kansa ndani ya vifurushi vya protini, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Uvimbe una njaa ya protini. Ukivuta kifurushi, umevuta na dawa, na sehemu nyingine za mwili haziumii sana. Nikaongeza kwamba sisi tunajifunzia kwa ute wa yai, maana protini za kuagiza ng'ambo hazitufikii.

Kesho yake akanituma mayai sokoni.

Mama amelelewa kijijini Lukafu na bibi yake, na kwa bibi huyo ni mwiko mwanamke kula yai. Miaka yote alitukaangia sisi watoto, yeye akabaki na sombe yake ya majani ya muhogo. Sasa kila asubuhi alikuwa akimenya yai, anafumba macho, anameza. Kazi yetu bado iko kwenye vichupa, na yai la kuchemsha halijawahi kuponya kansa ya mtu. Lakini sikuwa na roho ya kumkatalia. Nilikaa pembeni nikimwangalia anakula, na mimi, na masomo yangu yote, nikaanza kuamini kidogo.

Tulipofika nyumbani leo nilimchemshia lake. Nikalimenya, nikashindwa kumpa. Nikalia mbele yake kama mtoto, yai mkononi.

Akanivuta nikae kitandani.

“Mutoto yangu, najua yai haiko dawa. Nilikuwa nakula juu weye ulikuwa unafurahi. Leo kula weye.”

Nikalila. Lilikuwa limeshapoa, na hatukutia chumvi. Yeye aliniangalia mpaka nikamaliza.

Moyo wangu umevunjika.

Kesho asubuhi wananingoja maabara, na kwenye meza yangu kuna trei nzima ya mayai. Nitaweza kuvunja hata moja?